Daftari la Santa Rufina

Jangwani hakuna mvua, ndiyo maana daftari halikuoza.
Mgodi umekwisha, reli imeng'olewa, mabati yameuzwa,
shule imebaki kuta mbili na kengele isiyo na ulimi,
lakini karatasi hii hata mchwa hakuionja.

Nimevaa glavu. Bi Otilia wa makumbusho ananichunga
kama mtu achungaye maziwa jikoni.

Kila ukurasa, mtoto mmoja.
Kushoto picha, imebandikwa kwa uji wa ngano;
kulia mwandiko wa Mwalimu Hortensia,
herufi zimeinama kama watu wanaotembea kinyume cha upepo.
Jina. Umri. Kazi ya baba: shura.
Kazi ya baba: shura. Kazi ya baba: shura.
Kazi ya baba: hapo wino umesita, kisha ukaandika "alikuwa".

Mpiga picha alikuja mara moja kwa mwaka, na koti moja.
Nimeligundua ukurasa wa nne: kifungo cha pili hakipo.
Kwa Zenobio mikono ya koti imemeza vidole,
kwa Anacleto linabana kwapa,
koti lililosoma madarasa yote
lisifaulu hata moja.

Namtafuta babu. Namba arobaini na saba:
Eleuterio Mamani Challapa, miaka kumi na mmoja.
"Huyo hapo," asema Bi Otilia.
Nyusi imekatwa na kovu, kidevu juu, kama anayedai deni.
Sikuwahi kuiona sura yake ya utotoni.
Nikageuza uso pembeni; machozi na karatasi haviivani.

Kisha sitini na mbili. Toribio, mdogo wake.
Kovu lile. Kidevu kile.
Hawakuwa mapacha.

Nikarudi arobaini na saba, nikainamisha taa.
Pembeni, kwa penseli, maneno madogo
kama ya mtu anayesema mkono ukiwa mdomoni:
"Mwenyewe yuko mgodini, zamu ya mchana. Amekuja nduguye.
Nimekubali. Bila picha wangemfuta."

Chini yake, sahihi.
Si ya mwalimu, wala si ya Toribio.
Nadhani iliandikwa usiku, baada ya zamu:
E kubwa mno, imeparamia mstari wa juu,
l mbili, moja ikakatwa,
doa la wino,
na kando ya doa alama ya dole gumba, nyeupe,
mistari yake ingali inasomeka.

Maisha yake yote babu alitia sahihi vile vile,
kwenye risiti za mkate, kwenye ripoti zangu za shule,
E ile ikipanda kama mbuzi ukutani.
Tulikuwa tukimcheka.

"Sasa niandike nini kwenye orodha?" auliza Bi Otilia.
"Picha ni ya nani?"

Namwambia aandike majina yote mawili.

Anasema fomu ina nafasi moja.