Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Mimi ndiye katibu. Niliandika:
Kikao kilifunguliwa saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa zimamoto,
wajumbe thelathini na saba, ajenda moja:
mwendo wa motaboti katika ziwa Kaislanen.
Sikuandika kwamba jua la Juni lingali juu ya misonobari,
na mbu walihudhuria bila barua ya mwaliko.

Niliandika: Bwana Taisto alilalamikia mawimbi.
Sikuandika kuhusu ubao aliokuja nao kwapani,
ubao wa ngazi ya sauna yake, umeoza upande mmoja,
una alama ya kalamu nyekundu.
"Hapa," alisema, "ndipo wimbi linapofika kila Jumamosi.
Linapanda kwangu kama mdai kodi."

Niliandika: Suala la ndege lilijadiliwa.

Lakini mzamaji hajui kutembea.
Miguu yake iko nyuma mno, ameumbiwa kupiga mbizi,
nchi kavu anajiburuta kwa kifua.
Basi hujenga kiota pale pale maji yanapokoma,
shibiri moja, si zaidi.
Boti ikipita kwa kishindo, maji husahau yalipokomea.
Inkeri wa duka la mbegu aliyaokota mayai mawili yakielea,
akayaleta ndani ya kofia ya sufu,
akayaweka mezani kwangu kando ya mhuri.
Rangi ya chai iliyolala. Baridi.
Kikao kizima nilikuwa naandika huku nikiyakwepa kwa kiwiko.

Kisha Eetu akasimama.
Miaka ishirini na mitatu, shingo imebabuka kwa jua,
mashine yake nguvu farasi mia na hamsini,
deni lake benki miaka sita.
"Agosti iliyopita," alisema, "bibi yangu alianguka kisiwani.
Nilivuka naye kwa dakika nne.
Kwa kilomita zenu kumi kwa saa
ningefika gatini na maiti."

Hapo hata mbu walinyamaza.
Niliona mikono iliyokuwa tayari kuinuka
ikirudi mapajani, mmoja mmoja.
Niliandika: Mjumbe alitoa maelezo.

Bibi Lempi alikuwa safu ya nyuma, na fimbo yake.
Hakuomba nafasi. Hakusimama pia.
"Ni kweli ulinivusha, mwanangu. Nipo, nakula, nashukuru.
Lakini hukuwaambia nilianguka wapi."
Eetu akatazama viatu vyake.
"Nilianguka kwenye gati langu.
Mawe yaliyolishika aliyapanga marehemu mume wangu,
moja baada ya jingine, kiangazi kizima.
Yakakaa miaka arobaini.
Yakaja mawimbi yako, Jumamosi hii, Jumamosi ile,
siku ambazo hakuna mgonjwa,
yakayang'oa kama meno ya mtoto.
Umenivunja nyonga, kisha ukanikimbiza hospitali.
Nikushukuru kwa lipi kwanza?"

Kuna mtu alicheka. Kisha akajutia.
Eetu aliketi, na kiti kikalia chini yake.

Niliandika: Kilomita kumi kwa saa,
ndani ya mita mia mbili kutoka ufukweni.
Dharura ya ugonjwa haihesabiwi.
Ndiyo, kumi na tisa. Hapana, kumi na saba.
Iliyoharibika, moja.

Nguzo ya kibao aliichimbia Eetu mwenyewe,
hakuna aliyemtuma.
Siku hizi huvuka kwenda kisiwani kwa dakika ishirini na kitu,
mkono kwenye usukani, uso wa mtu aliyewekwa kizuizini,
na nyuma ya boti ananing'inia mfuko wa mawe.

Wazamaji hawajarudi. Huenda mwakani.
Huenda wamepata ziwa lisilo na vikao.

Na hili nalo sikuliandika:
kura iliyoharibika ilikuwa yangu.
Mwanangu aliyehamia Tampere
alijifunza kusimama juu ya maji
nyuma ya boti yangu mimi, wimbi likiwa refu kama mlango,
akicheka, akiniashiria kwa kidole:
ongeza, baba, ongeza.
Kalamu ilikwenda kwenye ndiyo, ikaenda kwenye hapana,
ikachora kitu katikati
kilichofanana na yai.