Dirisha la Sita

Asubuhi, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Chini ya sakafu yangu fundi Semdoe anagonga rimu ya baiskeli,
nami nafungua madirisha meusi, moja baada ya jingine:
hifadhidata kwanza, mwenye kumbukumbu haamshwi mwisho;
kisha seva;
kisha yule mlinzi wa mafaili, kazi yake kutazama tu,
nikigusa koma anashtuka, anajenga kurasa zote upya;
foleni ya barua pepe; mitindo na rangi;
na la sita, nimesahau ni la nini,
ila nikilifunga, kitu fulani hugoma.

Tovuti ni ya wauza machungwa wa Muheza.
Wao wanajua kitufe cha kijani, basi.

Mshika mawili, moja humponyoka.
Mimi nashika sita, na chai inapoa.

Leo seva imekataa: mlango elfu tatu una mtu.
Mtu gani? Ni mimi wa jana,
niliyeondoka kwa hasira umeme ulipoyumba
nikaacha kazi ikihema gizani peke yake.
Nimeitafuta namba yake. Nimeiua.

Ndivyo tunavyosema sisi: ua. Mzazi. Mtoto.
Mzazi akifa mapema, mtoto huitwa yatima,
na mchakato namba moja, ulioamka kabla ya yote,
humchukua bila kuulizwa.
Siku niliyosoma hayo nilifunga kitabu.

Shangazi Mwanjaa alituchukua watatu
juu ya wanne wake, chumba kimoja, Makorora.
Alikuwa na daftari la duka, jalada limelowa mafuta ya taa:
nani anywe dawa saa ngapi, ada ya nani bado,
nani alale ukutani kwa sababu anakojoa.
Alfajiri aliita mara moja tu.
Tukaamka saba.

Basi nami nimeandika faili fupi, mistari sita.
Neno moja, yote yanaamka,
kila mmoja unaongea kwa rangi yake;
vidole viwili, yote yanalala,
hifadhidata mwisho, baada ya kuhesabu waliomo.

Lile la sita nimeliacha humo.
Daftarini mwa shangazi kulikuwa na jina la nane, Mwanashuri.
Hatukumwona kamwe.
Kila usiku aliliweka alama ya vema,
akapuliza taa.