Saa ya Kombo

Boriti ya katikati imeliwa na mchwa.
Mwalimu Shaame aliigonga kwa mpini wa fagio, ikamwaga unga,
akasema: hapa haitundikwi taa, watu wana vichwa.
Basi taa ikaenda pembeni, kushoto,
kwenye kidirisha cha stoo ya viti vibovu,
nami nikaenda nayo.

Mchezo wetu unataka saa ukutani.
Mama na mgonjwa wake wanangoja zamu hospitali
tangu asubuhi mpaka magharibi,
na saa inawatazama: haina mishale,
ni alama kumi na mbili tu za mwanga.
Nilichora kwa bikari, nikakata bati la kopo la maziwa,
duara safi, la kuapiwa.

Nikawasha.
Ukuta ukataga yai.

Upande wa karibu yangu alama zimebanana
kama watu wa msibani juu ya mkeka mmoja;
upande wa mbali zimetanuka, kila moja sahani.
Asubuhi nyembamba, imekwisha kabla ya chai,
na alasiri pana, haina mwisho.
Bi Riziki, anayecheza mama, akasimama chini yake:
"Mkasi, hii saa yako imekula nini upande mmoja?"

Nikachukua kamba na mkaa.
Nikatoboa bati jengine, miraba mitupu, sawa kwa sawa,
nikalimulika, nikapima kila mraba ulipoangukia:
wa karibu shibiri moja,
wa kati shibiri na vidole vinne,
wa mwisho shibiri mbili na ushei, tena umeinamisha bega.
Nikaandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio.
Hesabu yake ni ya kinyume:
palipokuzwa, punguza; palipobanwa, ongeza;
na usisahau kuwa lenzi inapindua,
juu ni chini, kulia ni kushoto,
saa tisa kaikate mahali pa saa tatu.

Mchoro nikaupeleka sokoni, kwa fundi Kombo wa mabirika.
Aliugeuza, akaugeuza tena.
"Hii haiko sawa."
Najua.
"Yai hili. Tena yai la bata."
Najua, fundi. Likate hivyo hivyo.
"Mie Kombo ni jina, Mkasi. Jina tu.
Miaka thalathini na sita hakijatoka chombo hapa
kikaenda upande. Watu watasema nini?"
Nikamwambia, bati watu hawatalikuta,
litakuwa tumboni mwa taa, linaungua;
watakachokiona ni kinachotoka.
Akanyamaza. Akaokota tindo iliyo ndogo kuliko zote
na kombo ile akaikata kwa unyoofu wa kutisha,
kila tundu akilipuliza, kila tundu akilinung'unikia.

Ijumaa usiku Wete yote ilikuwa skuli,
waliokosa viti wamening'inia madirishani.
Ukingo wa mbali ulibaki na ukungu kidogo,
kwani lenzi haikazi macho pahala pawili;
nikachagua kati, pembeni nikasamehe.
Nikawasha, nikangoja kicheko.
Hakikuja.
Bi Riziki akainua uso, akatoa neno lake la kwanza:
"Saa ngapi hizo, jamani?"
Na mtu wa mstari wa mbele, si mchezaji, akamjibu:
"Haina mishale hiyo, mama, watakudanganya!"
Hana mishale ndiyo lawama peke yake. Umbo hakulitaja mtu.

Ilikuwa duara. Nasema ilikuwa, kwa kuwa niliambiwa.
Mimi nilikuwa stooni, shavu kwa shavu na taa,
na akaaye kwenye taa huona kile linachokiona bati:
yai, la bata, mpaka pazia.

Kombo alikaa mstari wa tatu, kofia magotini.
Kila mara aliutazama ukuta,
kisha akageuka kushoto, kwenye kidirisha changu,
kama mtu aliyehesabu chenji yake mara mbili,
akaikuta imetimia,
na bado anahesabu.