Futi ya Hamsini na Moja

Futi ya hamsini na moja ilikuwa jiwe.
Si jiwe la kuvunjwa kwa mtaimbo na matusi:
mwamba wenyewe, ule ule wa vilima vya Maragoli
unaochungulia katikati ya mahindi ya watu
kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Juu, mimi ndiye mshika kamba.
Chini, Chanzu na taa yake kichwani,
na sauti ikinipandia: ngo, ngo, ngo.
Siku ya kwanza, ngo. Siku ya nne, ngo.
Ndoo ilikuja na vumbi jeupe la kujaza kiganja,
nami nikalimwaga kwa heshima
kana kwamba ni udongo.

Mwenye kisima, Jendeka, mpishi mstaafu wa shule ya bweni,
miaka ishirini na sita akisonga ugali wa watoto mia saba,
alileta chai, akahesabu pesa zilizobaki,
akazifunga tena kwenye ncha ya leso.
Alitaka kitalu: miche ya parachichi na matundadamu,
safu kwa safu ya vifuko vyeusi, kila kimoja na jani lake.
Kwa hilo alikuwa amekataa kochi,
amekataa safari ya harusi ya mpwa wake,
amekataa hata meno mapya.

Chanzu alisema: Mudete, mwaka juzi,
tulitaka kuacha kwenye futi ya arobaini.
Tukaongeza mbili tu, maji yakatufika kiunoni.
Ni kweli. Nilikuwepo. Kamba hiyo niliivuta mimi.
Kwa hiyo usiniulize kanuni.
Jiwe la Mudete na hili la hapa
yana sauti moja.

Jendeka alipiga magoti ukingoni, akatega sikio
kama anayesikiliza sufuria kujua imeanza kuungua.
Kisha akasimama, akajipangusa.
"Chanzu, panda. Mimi nilitaka maji.
Sikutaka shimo."

Kule chini, hatua tisini,
penye nyasi mbichi hata mwezi wa kwanza,
ni mpakani kwa shemeji yake, Vugutsa.
Hawajasalimiana tangu matanga ya mume.
Tulimwona akiteremka, viatu mkononi,
kuku mmoja kwapani.
Futi zote hamsini na moja
zilikuwa nyepesi kuliko mteremko ule.

Usiku nilitoa mvunguni
raba nilizokimbilia uwanjani Mbale
mara nne, kila jeshi lilipokuja kuandikisha vijana.
Mara ya kwanza, kifua. Ya pili, jino.
Ya tatu na ya nne sikuambiwa neno.
Mwezi wa tisa nilivuka umri wao,
na bado kila alfajiri nilikuwa barabarani, hadi Chavakali,
ngo, ngo, ngo, juu ya lami.
Ulitaka nini, hasa? Nilijiuliza, kiatu mkononi.
Mshahara usiokawia. Mama alale bila kuhesabu.
Sare ilikuwa mahali pa kuchimbia tu.

Asubuhi tulihamisha miti, kapi na kamba.
Jembe liliingia kama kisu kwenye ndizi mbivu.
Leo tuko futi ya kumi na tisa.
Udongo ni mwekundu, unanata kidogo,
au labda ni jasho la Chanzu.
Vugutsa huja kutazama. Hasemi.
Kuku wake yuko hai, anataga.

Raba nazivaa kazini.
Zinashika ukingo vizuri.