Ziwa la Tatu

Gari tuliliacha penye kiwanda cha karatasi kilichofungwa,
kaskazini mwa Ontario, theluji bado imejibanza mitaroni.
Maziwa mawili ya kwanza yalitupisha.
Aili mbele, mimi nyuma, kama zamani,
yeye akiyatangaza mawe yaliyojificha: "Kushoto! Kushoto tena!"
nami nikigeuza kafi kabla hajamaliza neno.
Mtumbwi wake ule ule wa kijani,
kiraka cha mwaka ule tulipoparamia mwamba kingali tumboni.

Kati ya ziwa na ziwa, njia ya miguu.
Zamani aliubeba peke yake, kichwa ndani,
akipiga mluzi humo kama aliye kisimani.
Sasa tuliubeba wawili, tukapumzika mara nne,
na mara zote nne ni mimi niliyesema nimechoka.

La tatu lilikuwa limefungwa.
Barafu ya kijivu, iliyooza, ufuo hadi ufuo,
haimbebi mtu wala haimpishi.
Aili akaigonga kwa ncha ya kafi, taratibu,
kama agongaye mlango wa jirani aliyelala.
"Mwezi Mei huu," akasema, "na bado inajivuna."

Tukapiga hema chini ya misonobari, tukangoja.
Siku mbili. Birika jeusi kwa masizi, samaki mmoja wa kugawana,
karata zisizo na saba ya uru;
badala yake kipande cha boksi la chai,
ambacho kila mmoja alijifanya hakioni mkononi mwa mwenzake.

Usiku wa pili, bila kuninyanyulia macho:
"Hukuja kumzika Veikko."
Moto ulikula kuni yake.
Nilikuwa na sababu. Nilizibeba miaka sita,
nimezikunja vizuri kama nguo za safari,
na pale nilipozifungua, hakuna hata moja iliyonienea.
"Sikuja," nikasema.
Akachanganya karata. Akagawa.

Alfajiri niliamshwa na mlio;
nilidhani anaosha vikombe.
Kumbe barafu: upepo wa kusini umeisukuma,
imekatika sindano elfu elfu, zagongana, zalia,
na katikati yake ufa mweusi wa maji,
na ndege mzamiaji tayari yumo,
kana kwamba alikuwa na ufunguo.

Aili alikuwa ameshavaa buti.
"Leo kaa mbele wewe," akasema.
"Macho yangu yamechoka kutangulia."

Nikakaa mbele. Sikumwona, nilimsikia tu:
kafi, matone, kafi.
Jiwe la kwanza nililipigia kelele
likiwa limeshatugusa.
Nyuma yangu, kicheko chake,
na maji kidogo, baridi, yakinijia vidoleni.