Mwenye Nyumba

Mamake alimwita Orest. Orest Pidhirny,
mwana wa mchomelea vyuma, Mtaa wa Barton, Hamilton,
sauti ya besi kanisani kila Jumapili.
Ijumaa usiku alikuwa Mwenye Nyumba.

Aliingia ulingoni na koti la manyoya
na kitita cha funguo, thelathini na saba, nilizihesabu,
akazitikisa mbele ya safu ya kwanza:
“Leo tarehe ngapi? Na kodi yangu iko wapi?”
Ukumbi ukachemka. Walikuwa watu wa tanuri la chuma,
kila mmoja ana mwenye nyumba wake,
na kila mmoja ametoa dola na robo
amtukane huyu
kwa niaba ya yule asiyetukanika.

Mimi nilikuwa refa.
Watu hudhani refa hulipwa kwa macho;
mimi nililipwa kwa kisogo.
Niliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka,
nyuma yangu funguo zikalia, mtu akaanguka puu,
watu elfu mbili wakanguruma: Refa, geuka!
Nikageuka.
Funguo zimo mfukoni, viganja viko juu,
sura ya mtu anayetoka kuungama.

Sudbury, bibi mmoja alimchoma paja kwa pini ya kofia.
Aliichomoa garini, akaifuta, akaichomeka juu ya kioo:
“Huyu ameuelewa mchezo kuliko bosi.”
Timmins walitoboa magurudumu yote manne,
tukakesha kwenye theluji tukigawana soseji baridi
na Malaika Leblanc, kipenzi cha watoto,
ambaye jioni ile ile alikuwa amevunjwa mbavu zote.
Malaika alikuwa bahili. Hakutoa hata senti ya petroli.

Na Mwenye Nyumba hakuwa na nyumba.
Alipanga vyumba viwili juu ya kinyozi,
na Bi Ilona Szabo, aliyemdai kweli,
alipomwona kwenye televisheni amevaa manyoya
akapandisha kodi.

Kirkland Lake, Februari, aliangukia shingo.
Anguko hilo hatukulipanga.
Safari hii nilikuwa nimetazama.
Akaninong’oneza, midomo haichezi:
“Vidole sivisikii. Hesabu.”
Nikahesabu moja mbili tatu kama mtu anayekimbia mvua.
Watu wakarusha kofia kwa furaha.

Alirudi baada ya miezi kumi na mmoja, sasa meneja,
suti ya mistari, kola ngumu ya hospitali shingoni,
na watu wakaapa kola ile ni ya uongo.
Ilikuwa kitu pekee cha kweli mle ulingoni.
Mbele yake alitembea Dalali:
Réjean Thibodeau, futi sita na inchi saba, mkata miti,
mtu wa kutetemeka akionyeshwa maikrofoni.
Orest akawa ulimi wake.
“Usiwachukize wote,” alimfunza, “utachoka.
Tafuta mmoja, safu ya tatu, aliyekuja na mkwe.
Mwaibishe huyo. Wengine watakuja wenyewe.”

Miaka tisa Dalali akavunja, Mwenye Nyumba akasema,
mimi nikafunga kamba.
Kisha ukumbi wetu ukawa duka la mazulia.

Tulimzika Machi. Watu kumi na wanane;
kuhesabu hakunitoki.
Kasisi alipofika pale pa “mtumishi wako mpole,”
mzee mmoja nyuma, kofia ya kiwanda kwapani,
akasimama, akazungushia viganja mdomo
na kuzomea.
Kasisi akakumbatia kitabu chake.
Réjean naye akazomea, yule wa kutetemeka,
kisha binti wa Bi Szabo, kisha kanisa zima,
kwa nguvu zote, kama watu waliolipa kiingilio.

Mimi nikalipa jeneza kisogo.
Nikainama kufunga kamba
ambazo viatu vyangu vya siku hizi havina,
polepole,
nikampa sekunde zake tano.