Barabara ya Ngapi

Hoza, ndugu yangu, sauti zako saba ziliingia usiku.
Nimezisikiliza dukani asubuhi, fotokopi ikipata moto.

Unasema huko Nyuyoki mitaa mingi haina majina, ina hesabu;
kwamba mwaka elfu moja mia nane na kumi na moja
mabwana watatu walilaza rula juu ya vilima
na vijito vikafuata amri, vikaingia chini ya ardhi.
Ila njia moja kongwe, ya wenyeji wa mwanzo,
ilikataa kunyooka,
na hadi leo inakatiza mshazari, majumba yakiipisha.

Hapo nilicheka peke yangu.
Nilimkumbuka Bi Mwanshamba wa Barabara ya Sita
aliyegoma kuhamisha choo mpimaji alipokuja na kamba.
Mfereji ukifika kwake unapinda,
unampigia hodi, ndipo unaendelea.

Unasema palikuwa na barabara kuu ya kumi na tatu.
Walimwaga kifusi mtoni, wakaijenga, wakaipangisha,
kisha wakaichimba, wakarudisha maji
ili meli ndefu zipate gati.
Barabara nzima, Hoza!
Na waliokaa huko, walimwelekezaje mgeni?

Kwetu Ngamiani kumi na tatu ipo.
Ina fundi baiskeli, ina mama wa mihogo,
ina ubishi wa nani alitupiga mistari hii:
huyu atasema Mjerumani, yule Mwingereza,
mimi nasema ni yeyote aliyekuwa na rula.
Na hao ngamia wanaosemwa kutupa jina
sijaona hata kwato.

Ya kwako umenipa, chukua na yangu, hutaikuta makumbusho:
baba, miaka kumi na tisa ghalani kwenye mkonge,
alipiga chapa marobota kwa brashi na bati lililotobolewa.
Herufi saba. Hakuwa akizisoma.
Alidhani ni jina la tajiri mmoja mwenye uchu wa kamba.
"Huyu bwana," alisema akisugua wino vidoleni,
"anafunga kitu gani kisichofungika?"
Alikufa hajui kwamba ni mji,
wala kwamba mwanawe atalala humo.

Sauti ya saba ni fupi. Sekunde tisa.
Honi inalia nyuma yako, nawe unauliza
kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:
"Hivi dada, nyumba ya mama ilikuwa barabara ya ngapi?"

Mteja alikuwa amesimama na cheti cha kuzaliwa.
Nikamwambia asubiri.

Wewe.
Unayejua mtaa uliozamishwa
kabla babu yako hajaota meno.

Sikutajii namba.
Ni pale palipokuwa na mashine ya kusaga ya Singano,
unga ukitanda hadi kwenye kope za paka.
Ni ngazi mbili, ya pili imemegeka;
uliimega wewe kwa nyundo, ukitafuta senti iliyodumbukia.
Ni pale tulipoambiwa turudi kabla taa ya Merali haijawaka,
na Merali, Mungu amrehemu, aliogopa giza,
akaiwasha jua bado liko juu ya bati.
Sasa wanauza vioo hapo.
Nikipita naonekana mara nane,
na zote nane zina haraka.

Waja leo waondoka leo, ndivyo inavyosemwa Tanga.
Wewe uliishika nusu.
Ukitaka ile nyingine, anzia Barabara ya Kwanza,
kwa miguu, hesabu kwa sauti kama tulivyokuwa tukihesabu.
Mguu utasimama wenyewe. Au hautasimama;
basi utanipigia, nitatoka nje nikupungie karatasi.

Mteja amelipa mia mbili.
Kopi imetoka mshazari kidogo.
Kaitazama, kasema haidhuru,
inasomeka.